Peremende za Okoth, Kutoka Suna Hadi Remba

Ninyi wa kibanda cha vyerehani, tangu nirudi mmeniuliza kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja nimempa kipande. Mmoja nilimwambia tulifika salama. Mwingine nilimwambia ziwa lilikuwa limechafuka. Mama Boke nilimwambia nina nguo nyingi za kumaliza, tutaongea. Sasa naona vipande hivyo mmeviunganisha wenyewe mkapata hadithi ambayo siyo. Ndiyo maana nimekaa chini nikaandika, tena kwa Kiswahili, ili mwenye Kijaluo na mwenye Kikuria wasome kitu kimoja na asiwepo wa kusema alitafsiriwa vibaya.

Okoth ni mdogo wangu wa tumbo moja. Wale mlio wa zamani hapa Suna mnamkumbuka alivyokuwa, kijana mnene wa shingo, anayebeba gunia la mahindi huku akipiga mluzi. Alienda Mombasa akapata kazi kwenye meli ya uvuvi, nayo ikampeleka bahari za Asia, akakaa huko miaka. Alirudi mvua zilipoanza, amekonda, mashavu yameingia ndani, sauti imekwaruza kama redio isiyoshika stesheni. Ni hivi: katika chumba cha barafu cha meli bomba la gesi lilipasuka, na gesi ile ikamchoma ulimi, pua na koo. Madaktari wa bandari alikoshushwa walimpima kila kitu hadi damu. Wakamwambia mapafu yatapata nafuu, lakini ladha na harufu asizingoje. Tangu siku hiyo chakula kwake ni kama kutafuna karatasi, na mtu anayetafuna karatasi hawezi kunenepa. Nasema hili mapema kwa sababu najua wengi wenu mlikuwa na maelezo mengine.

Alichokileta kutoka huko kote ni mkebe wa bati, mkubwa wa kukalia mapaja, umejaa peremende laini za kutafuna. Alizinunua kabla ya ajali, aina moja bandari hii, aina nyingine bandari ile, wakati bado anajua anachokula. Kila moja imefungwa kwa karatasi yenye picha ya tunda. Alikuwa anamwekea Awuor, binti yake, aliyemwacha kabla hajaota meno. Awuor anaishi kisiwani Remba na mama yake, Adhiambo. Okoth na Adhiambo hawakuwahi kukaa nyumba moja, lakini mtoto alipewa jina la bibi yetu, na Adhiambo hakuwahi kukana kwamba ni wa Okoth.

Shida ilikuwa kwamba peremende zilikaa sana kwenye joto, na yeye hawezi kujua kama zimeharibika.

"Dada, utanionjea," aliniambia. "Siwezi kumpa mtoto kitu ambacho sijui kilivyo."

Nikamwambia tuonje zote pale pale nyumbani tumalize. Akakataa. Alitaka tuonje aina moja moja njiani, kila tunapopumzika, nami nimweleze polepole. Nilidhani ni mzaha wa safari.

Suna hadi Rongo

Tuliondoka Suna asubuhi lakini Rongo hatukufika asubuhi. Karibu na Awendo trekta la miwa lilikuwa limelala kiubavu katikati ya barabara, miwa imemwagika pande zote, na watu wa pale walikuwa wanasaidia kuiondoa kwa njia ya kuipeleka nyumbani kwao. Abiria tukashuka tukakaa kwenye nyasi. Mama mmoja aliyekuwa anapita na mzigo wa miwa kichwani alitukatia vipande, mimi na Okoth. Okoth alikitafuna chake kwa bidii, akatema makapi, akatazama mbele.

"Maji tu," akasema.

Kisha akafungua mkebe na kunipa peremende ya kwanza, yenye picha ya zabibu. Nilitoa karatasi ya nje nikakuta nyingine ndani, nyembamba, inayong'aa. Nikaanza kuibandua kwa kucha. Inabanduka kidogo, inakatika, inaganda kwenye vidole. Okoth alinitazama mpaka akacheka, na kicheko chake sasa ni kama mtu anayekwangua sufuria.

"Hiyo inaliwa, Dada. Ni ya mchele. Iweke tu mdomoni, itayeyuka."

Kweli iliyeyuka. Halafu ile yenyewe ikaanza kuvutika kwenye meno.

"Niambie."

"Ni tamu."

"Kila peremende ni tamu. Niambie."

Nilifikiri sana. Zabibu sijawahi kula. "Ni kama ile dawa ya watoto ya kikohozi," nikasema. "Ile ya rangi ya zambarau. Lakini bila ule uchungu wa mwisho."

Alifumba macho. Kisha akaitikia kwa kichwa. "Ndiyo hiyo. Haijaharibika."

Trekta liliposogezwa tukaendelea hadi Rongo, njaa imetushika. Tuliingia hoteli moja karibu na stendi tukaagiza ugali na matumbo. Kabla chakula hakijaja Okoth akashikwa na kikohozi, kile kirefu mlichokisikia hapa. Mwenye hoteli, mama mwenye heshima zake, alikuja akatuambia kwa upole kwamba meza ile ina watu wake, wako njiani. Akatutolea viti nje, upande wa kuni. Tulikula pale nje. Nilimshukuru hata, nikasema angalau kuna upepo.

Tulipomaliza nilichungulia ndani. Meza yetu ilikuwa tupu vile vile, imemwagiwa maji, na msichana alikuwa anaisugua kwa majivu.

"Hakuna watu walikuja," nikasema.

"Walikuwa hawaji," akajibu Okoth. "Ni wewe peke yako ulikuwa hujui."

Rangwe

Mama yetu yuko Rangwe, kwenye boma lile lile tulilozaliwa. Baba alizikwa hapo Okoth akiwa baharini. Hakuna aliyejua meli iko wapi, na habari ilipomfikia Okoth, baba alikuwa ameshalala chini msimu mzima. Kwa hiyo Okoth alipoingia boma, kitu cha kwanza alichoona ni kaburi lenye nyasi. Alisimama hapo kidogo. Mama alikuwa amesimama mlangoni, mikono kichwani, anamtazama mtoto wake kuanzia miguu kwenda juu, na alipofika usoni akakaa chini.

Nilimweleza habari za gesi. Nilimweleza mara ya pili kwa sauti. Alinisikiliza kama mtu anavyomsikiliza muuza dawa sokoni.

"Gesi," akasema. "Huyu hakumzika baba yake, Benta. Hiyo ndiyo gesi."

Kwa wale wasio Wajaluo niseme hivi: kuna ugonjwa tunauita chira, unaomkondesha aliyevunja mwiko mpaka aishe. Mama anaenda kanisa kila Jumapili, anaimba kwaya, na chira anaiamini. Alikuwa ameshasikia habari za Okoth kabla hatujafika, na dawa alikuwa ameiandaa, mizizi iliyochemshwa ikawa nyeusi. Tunaiita manyasi. Mimi niliwahi kupewa nikiwa mdogo, kijiko kimoja, na uchungu wake ulikaa mdomoni hadi kesho yake.

Okoth hakubishana. Alipokea kibuyu akanywa chote, taratibu, kama maziwa. Hakukunja uso. Alimaliza akamrudishia mama kibuyu na kusema asante.

Mama akaanza kulia. Nilidhani amefurahi kwamba mtoto amekubali dawa.

"Hakuna mtu anakunywa manyasi hivyo," akasema. "Hata anayekufa hukunja uso. Huyu ameshaondoka."

"Mama, hasikii ladha," nikasema. "Ndiyo nimekueleza. Ungempa chumvi tupu angeila."

Hakunisikia. Nami nikaona nikizidi kueleza ndivyo anavyozidi kulia, nikaenda kuosha kibuyu.

Jioni Okoth alijaribu kumchangamsha. Akamtolea peremende moja, akachagua ile ya embe kwa sababu mama anapenda maembe. Mama ana meno machache upande mmoja. Ile peremende iliganda kwenye ufizi, akahangaika nayo kwa ulimi, akaingiza kidole, akaitoa na kuitazama.

"Ni ya nini?"

"Ni embe, Mama," akasema Okoth.

"Umezunguka dunia yote," mama akasema, "ukatuletea embe."

Alisema bila hasira. Aliifunga tena kwenye karatasi yake akaiweka kwenye mfuko wa leso. Nami niliyekuwa nimeonja nyingine ya embe nikamwambia Okoth kwamba ni embe kweli, ila ni embe lisilo na nyuzi, lililoiva bila kupitia ubichi. Akaitikia tu.

Kulipokucha mama alinivuta kando nyuma ya jikoni. "Usimpeleke kisiwani," akaniambia. "Mtoto anamjua baba yake kwa jina. Mwache abaki na jina."

Sikumwambia Okoth. Nilimwambia tu kwamba tukichelewa tutakosa gari la Homa Bay.

Homa Bay na lori la barafu

Tulikuwa tumepanga kupanda boti Homa Bay. Tulipofika gatini hakukuwa na maji. Namaanisha maji yalikuwepo chini, lakini juu yalikuwa yamefunikwa na magugu, kijani hadi macho yanapoishia, yenye maua ya zambarau, na ndege wanatembea juu yake kama uwanja. Boti zilikuwa zimekwama humo. Kijana mmoja aliyeketi juu ya injini yake aliniambia, "Mathe, hapa hata samaki anaomba njia." Akasema magugu husogea upepo ukibadilika. Tukaulize upepo.

Tukakaa Homa Bay kusubiri upepo. Kila asubuhi tunashuka gatini, tunakuta kijani, tunarudi. Siku hizo ndipo tulionja zaidi. Peremende ya lichi ilinitia shida. Nilimwambia Okoth ni kama sabuni ya kuogea ya bei, ile ya wageni, lakini tamu. Alikasirika. Alisema lichi si sabuni. Alisema ukilipasua lile tunda ndani ni jeupe, linateleza, na aliwahi kula ndoo nzima na mwenzake wa meli wakiwa wamekaa kwenye boya, wakishindana kurusha kokwa majini.

"Yuko wapi huyo mwenzako?" nikauliza.

"Siku ya gesi hakutoka," akasema.

Nikachukua nyingine ya lichi nikaila taratibu zaidi, kisha nikamwambia, "Ni kama maji ya mvua yaliyokaa kwenye ua." Hiyo aliikubali.

Mwishowe tukasikia kuna lori linapeleka barafu Mbita kuchukua samaki wa mbuta. Dereva alikuwa mzee mfupi mwenye kofia ya sufu, mtu wa maneno machache. Alimwangalia Okoth, akaniangalia mimi, akafungua mlango wa mbele. "Ingieni hapa. Huko nyuma ni baridi, na huyu ana kifua." Nataka mjue kwamba katika safari nzima huyu ndiye mtu aliyetukaribisha ndani bila kuuliza swali.

Njia ya Mbita ni mawe na mashimo. Huko nyuma barafu ilikuwa inagonga ubao, na kila ikigonga Okoth alikuwa anashtuka. Dereva aliona. Akapunguza mwendo.

Okoth alitaka kumshukuru, na hapo ndipo alipokosea. Alimtolea peremende ya duriani. Mimi nilikuwa sijaijua. Dereva aliitia mdomoni akaendelea kuendesha, kisha nikaona shingo yake inakaza. Alisimamisha lori katikati ya njia, akafungua mlango, akatema, akashuka, akazunguka kwenye injini na kufungua boneti.

"Kuna kitu kinaungua," akasema. "Ama ni gesi, ama ni kitunguu."

"Ni tunda," Okoth akamwambia.

Mzee alitutazama wote wawili. "Tunda la wapi?"

"La huko mbali."

"Na wanalila wakijua?"

Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Okoth naye alicheka, akakohoa, akacheka tena. Akanipa moja ili nithibitishe. Ilikuwa kitunguu kilichooza, baadaye sana ikawa maziwa na sukari. Nilimwambia hivyo hivyo. "Basi hiyo ndiyo nzima kuliko zote," akasema, "imefika vile vile ilivyotoka." Kati ya saa zote za safari ile, hiyo ya kando ya boneti ndiyo ningeirudia.

Mbita hadi Remba

Mbita tulipata boti ya injini iliyokuwa imebeba mikate, soda na wanawake wanaofuata omena, dagaa wa ziwani. Tulipita Rusinga, tukapita Mfangano, na baada ya hapo ni maji tu na jua. Mama mmoja mnene aliyekaa mbele yetu alifungua kitambaa chake akatugawia samaki wa kukaanga. Okoth alikula. Yule mama alifurahi, akamwongezea kichwa.

"Kula, omera, ndugu yangu. Umekonda kama unasoma chuo."

Tukazungumza. Alikuwa mkazi wa Remba, anauza omena kwa magunia hadi Suna kwetu. Akamuuliza Okoth anamfuata nani kisiwani. Okoth alimjibu kwa fahari, nilimwona kifua kinatoka. "Mimi ni baba ya Awuor. Awuor wa Adhiambo."

Mama yule aliacha kutafuna. Akamtazama upya, mikono, shingo, macho. Akakunja kitambaa chake polepole na samaki waliobaki ndani, akakiweka chini ya miguu, na hakukifungua tena. Baadaye akahamia upande wa mikate.

Nilikuwa nimeshajifunza Rongo. Safari hii nilielewa mara moja.

Remba unaiona kutoka mbali kwa sababu inang'aa. Ni jiwe lililofunikwa na mabati. Nyumba zimeshikana hadi hujui ukuta huu ni wa nani, omena wameanikwa kila penye nafasi, na watu ni wengi kuliko nilivyofikiri jiwe linaweza kubeba. Boti ilipogusa ufuo yule mama ndiye aliyeshuka wa kwanza. Alikuwa mnene lakini alitembea haraka. Tulipomaliza kushusha mizigo yetu na kuuliza njia, watu walikuwa wameshajua sisi ni nani. Walitupisha. Kisiwa ambacho watu wanapita wakigusana mabega, sisi tulipita katikati bila kuguswa.

Remba

Adhiambo alikuwa ametoka nje kutungoja, amesimama mbele ya mlango wake na mikono imefungwa kifuani. Pembeni yake alikuwa mwanamume anayeishi naye, mvuvi anayeitwa Ogutu. Ogutu alitusalimia vizuri, aliniita shemeji, lakini hakutoa mkono. Nyuma ya Adhiambo, mlangoni, alisimama msichana mrefu wa miguu, ana sare ya shule iliyofupika. Alikuwa na paji la uso la baba yetu.

Okoth alipiga magoti pale mchangani na mkebe mikononi. "Awuor," akasema. Kwa sauti ile iliyokwaruza jina lilitoka vibaya. Akajaribu tena.

Mtoto alipiga hatua moja. Adhiambo akanyoosha mkono akamzuia.

"Weka chini," akamwambia Okoth.

"Ni zake. Nimemwekea tangu..."

"Nimekuambia weka chini, Baba Awuor. Usimpe mkononi."

Akauweka chini. Watu walikuwa wameanza kujaa. Hapo mimi nikashindwa kuvumilia. Nikasema kwa sauti, watu wote wasikie, kwamba ndugu yangu hana ugonjwa wowote, ni gesi ya meli ilimchoma, alipimwa hadi damu, hana kitu. Nikafungua mkebe nikachukua peremende, nikaila mbele yao, nikachukua nyingine nikaila. Mtu mmoja nyuma akasema, bila hata kunong'ona, "Aliyekufa mwaka jana ilikuwa malaria. Wa kabla yake kifua. Sasa imekuwa gesi." Wengine wakaguna.

Nilimgeukia Adhiambo. "Wewe unanijua. Nimekudanganya lini?"

Hakunijibu kwa ukali, na hilo ndilo lililoniuma. Alikuwa amechoka. "Benta, nimemzika dada yangu hapa. Nimezika na mume wake. Wote waliniambia si ugonjwa huo wa kukondesha. Mtoto wao yuko hapo ndani, anakohoa. Wewe ni dada yake, lazima useme hivyo. Mimi nina huyu mmoja."

Nikaziokota karatasi za peremende nilizozitupa mchangani.

Kisha Awuor akaongea. Alikuwa hamtazami mtu, alitazama mkebe. "Ziko na ladha gani?" akauliza.

Swali lilikuwa lile lile la baba yake. Okoth alifungua mdomo. Nikaogopa atasema hajui. Akaanza kumwambia, taratibu, akizigusa moja moja kwa kidole bila kuziinua: hii ya zambarau ni kama dawa ya kikohozi ya watoto, lakini haina uchungu wa mwisho, hii nyeupe ni maji ya mvua yaliyokaa kwenye ua, hii usiile karibu na watu, watadhani kuna kitu kinaungua. Awuor akatabasamu kidogo. Aliendelea hadi zikaisha zote, hata za aina ambazo tulikuwa hatujazionja, na hizo sijui alizitoa wapi. Watu walisikiliza. Hakuna aliyesogea karibu.

Alipomaliza, Adhiambo alimshika mtoto begani akamwingiza ndani, akafunga mlango. Ogutu alibaki nje. Alitutafutia mahali pa kulala kwa jamaa yake, upande wa pili wa kisiwa.

Kurudi

Asubuhi tulipokuwa tunangoja boti Ogutu alikuja ufuoni. Alikuwa amebeba mkebe chini ya kwapa, na mkono mwingine amebeba furushi la samaki wakavu, zawadi ya njiani. Aliweka vyote viwili mbele ya Okoth.

"Ziko zote," akasema. "Hatukugusa. Mama yake amesema msikasirike."

Okoth alimshukuru. Akamuuliza kama Awuor anasoma vizuri. Ogutu akasema anasoma vizuri, hesabu hasa, na kwamba yeye mwenyewe hajawahi kumpiga. Wakapeana kwaheri bila mikono.

Tulipokuwa tumeacha Mfangano nyuma Okoth aliuliza, bila kunitazama, "Jana ulipiga kelele kwamba sina. Je, kama ningekuwa nao?"

"Lakini huna."

"Nimeuliza kama."

Nikamwambia ningekula peremende vile vile. Akasema hakuuliza peremende. Aliuliza ningepiga kelele ya kusema nini. Tukafika Mbita. Mkebe aliwaachia watoto waliokuwa wanaoga ufuoni pale. Hao hawakumjua, walimkimbilia wakazimaliza zote, na ile ya duriani wakatemeana wakicheka. Yeye alikuwa ameshageuka, anatafuta gari.

Suna tena

Sasa nafika kwenye lile mnaloniuliza zaidi, kwamba Okoth aliondoka kwa nini bila kuaga.

Aliaga. Alikuja kibandani siku ile ya soko, mchana, akakaa kwenye benchi la wateja. Mlikuwepo. Mmoja akakumbuka ameacha maharage motoni. Mwingine akasema jua limemwingilia, akahamisha cherehani yake. Mama Boke ulibaki, lakini ulimpa soda na kumwambia aende na chupa. Yeye alikunywa, akaiweka chupa kwenye mfuko wa koti, akaniambia anavuka mpaka pale Sirare kwenda upande wa Mwanza, kuna watu wanaajiri kwenye samaki.

Nikamwambia na kifua hicho, unarudi tena kwenye barafu.

"Nataka mahali ambapo hakuna mtu aliyenijua nikiwa mnene," akasema.

Sijapata habari zake tangu hapo.

Wiki iliyopita yule mama mnene wa boti alileta omena Suna. Alinitafuta sokoni mpaka akanipata. Alisimama mbali kidogo, akanisalimia, akasema ametumwa na mtoto kisirisiri: shule inafungwa, na Awuor anauliza baba yake atarudi lini, maana safari hii ameshapanga namna ya kushuka ufuoni peke yake.

Nilimwambia amwambie Awuor kwamba baba yake amepata meli nyingine.

"Kweli?" akauliza yule mama, na uso wake ulifurahi. "Basi alikuwa mzima, ndiyo wakamchukua?"

"Alikuwa mzima," nikasema. Nikamfungulia mfuko wangu, akaanza kunipimia omena.